Mamlaka ya dola na bendera ya Sultani Mombasa

Mamlaka ya dola ni haki ya nchi kujitawala bila kuamriwa na nchi nyingine. Kiswahili kina neno la kale, enzi, nalo limo katika jina Mwenyezi Mungu: mwenye enzi. Kwa muumini, basi, enzi ya mtawala ni ya kuazimwa tu. Ile ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa pia ya kukodishwa.

Mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa Sultani marka milioni 4 na kuuchukua moja kwa moja mwambao wa nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Kaskazini mwake mambo yalikwenda vingine. Kwa mkataba wa Desemba 14, 1895, Uingereza ilipewa kuutawala ukanda wa maili 10 kutoka Vanga hadi Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu, kwa malipo ya kila mwaka. Nchi yenyewe ikabaki ya Sultani. Bendera yake nyekundu ikapepea Fort Jesus, Mombasa, ilhali gavana, kodi na polisi vilikuwa vya Mwingereza. Mwanasheria aweza kuiita hali hiyo mamlaka. Mkaazi wa Mombasa alimjua wa kumwogopa.

Uhuru ulipokaribia, baadhi ya Wapwani walidai mwambao ujitenge. Hawakufaulu. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliafikiana ukanda uingie Kenya, mahakama za Kadhi zikilindwa. Miezi mitatu baadaye, Januari 1964, mapinduzi yalimng'oa Sultani Jamshid. Ahadi ile haikung'oka naye: ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya 2010 ingali inampa Kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa naye.