Jinsi Watu Walivyojifunza Kulijaribu Zege la Barabara

Natumaini kila darasa limekwisha kaa karibu na redio, na mwalimu amewapeni karatasi zenu. Leo tutasoma habari za zege. Wengi wenu mnaokaa Morogoro na vijiji vya Uluguru mmepata kubeba karai la mchanga au la kokoto penye kazi ya barabara, lakini ni wachache walioelezwa kwa nini fundi mmoja hukataza maji na mwingine huruhusu.

Mwaka 1918, mjini Chicago, huko Marekani, mtaalamu aitwaye Duff Abrams alitangaza matokeo ya majaribio yake, nayo yalikuwa maelfu. Alichanganya saruji, mchanga, kokoto na maji kwa vipimo mbalimbali, akaacha zege ligande, kisha akaliponda kwa mashine na kuandika lilivunjika kwa uzito gani. Akaona kwamba jambo kubwa ni kiasi cha maji kikilinganishwa na saruji. Maji yakizidi, zege huwa rahisi kukoroga na kumwaga, lakini yale ya ziada hukauka na kuacha vitundu vingi ndani yake, visivyoonekana kwa macho. Siku ya kwanza zege hilo lapendeza kuliko jingine!

Kwa hiyo penye kazi kubwa mtakuta chombo kama ndoo isiyo na kitako, urefu wake sentimeta 30, chini pana, juu nyembamba. Zege hutiwa humo kwa mafungu matatu, na kila fungu hushindiliwa mara 25 kwa fimbo ya chuma. Kisha ndoo huinuliwa polepole. Zege likibonyea kuliko kipimo kilichoagizwa, au likitawanyika kama uji, maji yamezidi. Zege jingine hutiwa katika visanduku vya sentimeta 15 kila upande, likiisha kuganda hulazwa majini, na baada ya siku 28 huvunjwa kwa mashine.

Lakini zege la kisanduku halipitiwi na malori. Basi Wamarekani wakajenga barabara za kuharibu makusudi, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, vipande vingine vya lami na vingine vya zege. Tangu Oktoba 1958 hata Novemba 1960 askari waliendesha malori yenye mizigo juu yake, wakizunguka tu. Vipande vilivyovumilia hata mwisho vilipitiwa na ekseli mara 1,114,000. Jibu lililopatikana ni la ajabu kidogo: uzito wa ekseli ukiongezwa mara mbili, madhara kwa barabara hayawi mara mbili, bali karibu mara 16. Sasa mwajua kwa nini malori husimamishwa penye mizani.

Hata hivyo Illinois kuna barafu, na kwetu kuna jua kali na mvua za milimani. Kila nchi yapasa ijaribu penye udongo wake. Katika Tanzania kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza kazi mwaka 1966. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Morogoro hata Tunduma ni ya lami, na zege lake lipo zaidi katika madaraja na makalvati. Lakini mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza Mei 2016 katika Barabara ya Morogoro mjini Dar es Salaam, yalijengewa njia ya zege kwa ajili ya uzito wake. Tena, mwanzoni mwa miaka ya 2010, vipande vya majaribio vilijengwa katika barabara ya Bago na Talawanda, wilaya ya Bagamoyo, na ya Lawate na Kibongoto, wilaya ya Siha. Baadhi vilikuwa mikanda miwili tu ya zege, mmoja kwa kila upande wa magurudumu. Siha kuna miteremko mikali kama ya Uluguru, kwa hiyo mimi naona majaribio yale yatufaa sana.

Uluguru ina jambo lake jingine. Milima hii ina ulanga, ambao ulichimbwa tangu wakati wa Wajerumani, na magamba yake hushuka na mito pamoja na mchanga. Mchanga humetameta, watu huusifu. Kumbe magamba hayo ni laini, saruji haiyashiki vizuri, nayo hutaka maji zaidi! Njia ya Matombo niliwahi kuona kalvati changa limemeguka ukingo. Nilipookota kipande kikang'aa mkononi kama kioo.

Mafundi husema zege halilali, yaani likikorogwa limwagwe siku ile ile. Ni kweli, ila likiisha kumwagwa lataka kufunikwa kwa magunia yaliyolowa na kumwagiwa maji kwa siku saba au zaidi, lisikaushwe na jua upesi.

Kabla ya somo lijalo, kila kikundi kilete mchanga wa mto wake katika chupa nyeupe. Jazeni maji, tikiseni, mwiache hata asubuhi, mkatazame kilicholala juu ya mchanga.