Mahindi si ya Uhindini

Mto Tana unapopungua baada ya mafuriko, wakulima wa Kipokomo karibu na Garsen hupanda kwenye tope jipya: mpunga, migomba, mahindi. Neno hilo la mwisho limenishughulisha miaka mingi. Hindi, muhindi, mahindi: jina linatupeleka moja kwa moja India. Kumbe nafaka yenyewe ilianza kulimwa Meksiko, bonde la mto Balsas, kutokana na nyasi-mwitu ziitwazo teosinte, yapata miaka 9,000 iliyopita, na haikuvuka bahari mpaka baada ya safari ya Columbus ya 1492. Nadhani wazee wetu wa pwani waliipa jina la upande walikozoea kuona vyombo vikitokea. Hawakuwa peke yao: Waitaliano huiita granoturco, nafaka ya Kituruki, na Waturuki nao huiita mısır, yaani Misri.

Mtama ndio mwenyeji. Ulianza kulimwa mashariki mwa Sudan zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na huvumilia ukame kuliko mahindi. Inaniuma kusikia ugali wake ukiitwa chakula cha shida.