Nyoka wa kufuga: unamnunua kwa nani?

Wadau, ukitaka kunyamazisha kijiwe chochote hapa Musoma, kuanzia cha wavuvi kule mwaloni hadi cha sisi tuliosoma tunaojifanya tunakunywa kahawa, waambie watu unatafuta nyoka wa kufuga. Kwanza watakutazama usoni. Halafu mmoja atakuuliza kama unataka utajiri wa haraka. Wa pili ataondoka.

Sasa mimi kazi yangu ni kuuliza maswali, kwa hiyo nimeuliza, na nimesoma. Nilichogundua ni kwamba hili jambo tunalodhani ni wazimu wa Wazungu lina historia ndefu huku kwetu Kanda ya Ziwa. Hebu tuanze mbali kidogo ili tufike karibu.

Tuanze upande wa pili wa ziwa, Buddu, Uganda. Mmisionari John Roscoe aliandika kitabu kuhusu Waganda, kikatoka mwaka 1911, na humo anaeleza habari za hekalu la chatu aliyeitwa Selwanga, lililokuwa karibu na ziwa. Chatu yule alikuwa na nyumba yake na mwanamke maalumu wa kumhudumia, aliyemnywesha maziwa kila siku. Watu waliotafuta watoto walikwenda kumwomba. Maziwa si chakula cha nyoka, hilo tunalijua leo, lakini tazama mpangilio wenyewe: nyoka alikuwa na mahali pake, mtu wake, na sheria zake. Hakuna aliyeamka asubuhi akajiokotea chatu wa kwake.

Wajaluo nao, ambao ni ndugu zetu wa Rorya, wana Omieri. Mwaka 1987 kule Nyakach, Kenya, chatu aliyeitwa kwa jina hilo aliungua katika moto wa nyika. Akapelekwa Nairobi kutibiwa, akafia huko, na wazee wakanung'unika kweli kweli kwa sababu kwao chatu yule ni ishara ya mvua na mavuno. Mwaka 2003 akatokea chatu mwingine huko huko Nyakach, akapewa jina lile lile, na ubishi ukaanza upya: aachwe kijijini au achukuliwe na watu wa wanyamapori? Kijiji kizima kilikuwa na la kusema juu ya nyoka mmoja.

Tukishuka kusini tunawakuta Wasukuma, ambao wengi wetu wa Bunda tumekua nao. Wao walikuwa na chama kabisa, Bayeye, chama cha wataalamu wa nyoka. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, alichapisha makala juu yao mwaka 1946. Mtu hakujiingiza tu. Alipokelewa, akachanjwa dawa, akafundishwa na waliomtangulia: nyoka yupi ni yupi, anakamatwaje, na akikuuma unafanya nini. Ndipo wakacheza naye ngoma mbele za watu. Ukipanda basi la Musoma kwenda Mwanza, ukishapita Bunda, Lamadi na Magu, utafika Kisesa, na pale karibu ndipo ilipo Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Ngoma za nyoka ni sehemu ya historia inayotunzwa pale.

Niseme jambo moja hapa kabla sijaendelea, maana najua kuna watakaonielewa vibaya. Sisemi kwamba chanjo zile zinazuia sumu. Sayansi haijathibitisha hivyo, na aliyeumwa na nyoka apelekwe hospitali, basi. Ninachosema ni kwamba kwa Bayeye, aliyeshika nyoka alikuwa na mwalimu, na mwalimu alijulikana. Ukitaka kujua huyu mtu ni wa kuaminika au la, ulikuwa na pa kuuliza.

Halafu wakaja wanunuzi.

Mwaka 1926 msafara wa Wamarekani ulitia nanga Tanganyika. Uligharamiwa na Walter Chrysler, yule yule wa magari, na kuongozwa na William Mann wa bustani ya wanyama ya taifa kule Washington. Waliondoka na wanyama hai zaidi ya 1,000, wakiwemo nyoka. Mmoja wa wasafiri wale, Frederic Carnochan, alivutiwa sana na wataalamu wa nyoka wa Unyamwezi, na mwaka 1935 akatoa kitabu juu yao pamoja na mwandishi mwenzake. Elimu ya wazee ikawa hadithi ya kuuza New York.

Baadaye akavuma C. J. P. Ionides, Mwingereza mwenye asili ya Kigiriki aliyezaliwa mwaka 1901. Alikuwa bwana nyama huko Liwale, kusini, na watu wakambatiza jina la Bwana Nyoka. Alikamata nyoka kwa maelfu: koboko, fira, bafe, akiwapeleka kwenye makumbusho, bustani za wanyama na maabara za sumu. Aliumwa mara kadhaa. Alifariki mwaka 1968. Huyu hakuwa mbabaishaji, alikuwa mjuzi hasa. Lakini angalia kilichobadilika. Nyoka sasa ana bei, anatiwa kwenye sanduku, na mnunuzi yuko ng'ambo ya bahari, hajui pori alilotoka wala mkono uliomkamata.

Mnakumbuka mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru? Mzee wetu wa Butiama alitoa tamko kule Arusha akiahidi kwamba nchi hii itawatunza wanyamapori kama dhamana ya watoto na wajukuu. Watu husoma tamko lile wakifikiria tembo na simba. Sidhani kama kuna mtu aliyekuwa anamfikiria bafe. Lakini sheria haikuchagua sura. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974, na ile ya mwaka 2009 iliyoifuta, zinahusu wanyama wa porini kwa upana wao, na anayekamata au kumiliki bila kibali ana kesi ya kujibu. Tena mwaka 1979 tuliridhia mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Chatu wote duniani wamo kwenye orodha zake.

Pamoja na hayo yote, kwa miaka mingi tuliuza. Ndege, vinyonga, kobe, nyoka, walipakiwa kwenda Ulaya, Marekani na Asia wakawe kipenzi cha watu sebuleni. Kobe wetu wa mawe, yule bapa kama chapati, alinunuliwa mno hadi mwaka 2019 CITES ikampandisha kwenye orodha kali kuliko zote. Mwaka 2010 ikatokea kashfa ya wanyama hai, wakiwemo twiga, kupakiwa kwenye ndege pale KIA. Mwaka 2016 wakakamatwa tumbili 61 wakielekea Albania, na serikali ikafunga biashara ya kusafirisha wanyama hai kwenda nje. Juni 2022 likatoka tangazo la kufungua dirisha la miezi sita ili wafanyabiashara wamalize waliokuwa nao, kelele zikapigwa, na waziri akalisitisha kabla hata ya wiki kuisha.

Sasa njoo kwa rafiki yangu. Ni kijana wa hapa Musoma, tumemaliza chuo mwaka mmoja. Anapenda nyoka tangu utotoni, na si kwa ushirikina, anawapenda tu kama mwingine anavyopenda njiwa. Akaniambia amepata mtu upande wa Bunda anayeuza chatu mdogo, "mzima kabisa, mpole", picha imetumwa kwa simu, bei inazungumzika, ila atume nusu kwanza. Nyumbani kwake anaishi na mama yake na wadogo zake wawili wa shule ya msingi. Akaniuliza, "Kaka, wewe mwandishi, unaonaje?"

Nikamwambia asitume hata senti mpaka amuulize yule bwana maswali matatu. Moja, nyoka huyu alitotolewa wapi na lini, na mama yake yuko wapi? Mbili, kibali chako cha TAWA kinasemaje? Tatu, amekula nini mara ya mwisho, na naweza kuja kumwona akila?

Aliuliza. Jibu la swali la kwanza lilikuwa "porini huku, Serengeti si iko jirani". La pili lilikuwa kicheko. Kwenye la tatu simu ikakatika, na haikupokelewa tena.

Ndugu zangu, huyo si mfugaji, huyo ni mtegaji. Tofauti yake si ya maneno. Nyoka aliyetolewa porini huja na kupe, minyoo na makovu, mara nyingi hugoma kula, na wengi hufa miezi ya mwanzo huku mwenye nyumba akidhani ni mapenzi ya Mungu. Na ukishikwa naye nje ya Serengeti, hakimu hatakuuliza kama ulimpenda.

Mfugaji wa kweli anajulikana. Anakuonyesha wazazi wa nyoka. Ana daftari: siku aliyotoka kwenye yai, siku alizokula, siku alizojivua gamba (na hapa sizungumzii lile gamba la CCM la mwaka 2011). Anakuruhusu umkague mnyama. Macho yawe maangavu, isipokuwa kama anakaribia kujivua, hapo huwa na ukungu. Puani na mdomoni pasiwe na povu, wala asikorome anapopumua. Mwili uwe umejaa, uti wa mgongo usitokeze kama paa la nyumba. Ngozi kavu iliyosalia nchani mwa mkia au juu ya macho ni dalili ya matunzo mabaya. Vidoti vyeusi vinavyotembea pembeni mwa macho au kuelea kwenye bakuli la maji ni utitiri. Ukimshika, ajishike mkononi kwa nguvu, asining'inie kama kamba. Na mfugaji mwema atakuuliza wewe maswali kuliko unavyomuuliza yeye: una watoto nyumbani? Utamweka wapi? Unajua chatu wetu huyu anaweza kupita mita 5 na kuishi zaidi ya miaka 20?

Lakini hata huko ughaibuni, ambako watu huzalisha nyoka vizazi na vizazi, karatasi peke yake haitoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulifuatilia chatu wa kijani wa Indonesia waliokuwa wakiuzwa nje kama "wamezaliwa shambani". Ikaonekana angalau asilimia 80 walikuwa wametolewa porini. Shamba lilikuwa mahali pa kuwabadilishia jina tu. Ndiyo maana mnunuzi makini huko haishii kwenye cheti, anataka kuona mayai na kuona mama.

Kinachonichoma mimi ni kitu kimoja. Kuna nyoka mdogo wa mchangani, mnene, mpole, asiye na sumu ya kumdhuru mtu, anayepatikana Kenya na hapa Tanzania. Marekani na Ulaya ni kipenzi maarufu, wanamzalisha majumbani mwao kwa miongo sasa, na anauzwa kwa jina la Kenya. Mtoto wa Chicago anaweza kumnunua kihalali, akiwa na daftari lake la kula. Huyu rafiki yangu, aliyezaliwa ndani ya nchi ya nyoka huyo, anaishia kwenye picha ya simu na mtu anayekata simu.

Tufanye nini? Kwanza, anayetaka kufuga aanzie TAWA aulize masharti na leseni, asianzie kwa dalali. Pili, anayetaka kuona na kujifunza ana pa kwenda. Kenya walikuwa na bustani ya nyoka pale makumbusho ya Nairobi tangu mwaka 1961, na kwetu Meserani, njia ya Arusha kwenda Ngorongoro, kituo cha nyoka kilianzishwa mwaka 1993 na kikajulikana pia kwa kuwatibu wanavijiji walioumwa. Tatu, nyoka wa sumu asiingie sebuleni mwa mtu yeyote. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na dawa ya kuzima sumu sisi huagiza nje. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Walimzungumzia aliyepona.

Rafiki yangu ameahirisha. Pesa yake ipo, na hamu yake ipo. Nami nadhani anastahili jibu bora kuliko kucheka au kukimbia. Babu zetu waliweka mwalimu kati ya mtu na nyoka, na sheria imeweka kibali. Tukikosa vyote viwili, anayebaki katikati ni dalali.

Kama una mzee anayewajua Bayeye wa zamani, iwe Bunda, Magu au kwingineko, kaa naye umsikilize, kisha uniambie. Ningependa kujua kwao mtu alikataliwaje.

Kwa leo naishia hapa. Alamsiki.