Kuvika Bodi Upya: Istilahi na Bei Yake

Tarehe 29 Septemba 2019, karibu na Geneva nchini Uswisi, Lamborghini Veneno Roadster iliuzwa mnadani kwa faranga za Uswisi milioni 8.28. Lilikuwa gari la Teodoro Nguema Obiang Mangue, Makamu wa Rais wa Guinea ya Ikweta, mojawapo ya magari yake yaliyokamatwa na waendesha mashtaka wa Geneva. Tangu litoke kiwandani mwaka 2014 lilikuwa limetembea kilomita 325 tu. Lamborghini iliunda Veneno za namna hiyo tisa, na bei ya kila moja ilikuwa euro milioni 3.3 kabla ya kodi. Lakini ukiivua bodi yake unakutana na Aventador: injini ileile ya silinda 12 na lita 6.5, iliyoongezewa nguvu kidogo, na kiunzi kilekile cha nyuzi za kaboni.

Waingereza wana neno moja kwa kazi hiyo ya kulivalisha gari bodi nyingine, rebody. Magazeti yetu hulikwepa kwa kuandika "toleo maalumu", na hapo msomaji hunyimwa jambo la msingi, kwamba anaonyeshwa gari la zamani lenye sura mpya. Napendekeza tuseme kuvika bodi upya, na gari lenyewe tuliite gari lililovikwa bodi upya. Neno "upya" lisidondoshwe, kwa sababu ndilo linalobeba habari kwamba gari lilikuwa na bodi nyingine kabla ya hii.

Najua pingamizi litakalotoka Simiyu, Tanzania. Katika mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, ukisema "bodi" mkulima hufikiri kwanza Bodi ya Pamba. Wapo wanaopendelea kiwiliwili, na wapo wanaosema umbo. Kiwiliwili ni neno zuri, ila sijamsikia fundi akilitumia kwa gari. Umbo halitoshi, maana bampa likigongwa umbo hubadilika ilhali bodi ni ileile. Bodi ndilo neno la gereji, na hakuna mtu anayesikia "bodi ya Fuso" akadhani inazungumzwa bei ya pamba.

Istilahi hii ina ndugu yake ambaye haifai kuchanganywa naye, nayo ni kujenga bodi. Lori la Fuso lina chesisi, yaani vyuma viwili virefu vinavyobeba injini, gia, ekseli na magurudumu, na juu yake hukaa bodi inayoweza kufunguliwa na kuondolewa. Mwenye lori anayetaka kuhamisha pamba kutoka vituo vya ununuzi vya vyama vya ushirika vya AMCOS kwenda kwenye viwanda vya kuchambulia hujengewa bodi yenye kingo ndefu, kwa kuwa pamba yenye mbegu ni nyepesi na hujaza nafasi kabla haijajaza uzito. Wa ng'ombe wa mnadani huhitaji kitu kingine kabisa: mbao au mabomba yaliyoachiana nafasi ili hewa ipite, sakafu isiyoteleza, na mlango wa nyuma unaostahimili mateke. Wa robota, ambazo ni pamba iliyokwisha kuchambuliwa na kushindiliwa, hataki kingo ndefu hata kidogo. Anataka sakafu imara na mahali pa kufungia kamba, kwa sababu mzigo wake ni mzito na umekwisha kubanwa. Chesisi inaweza kuwa moja na kazi zikawa tatu, na kila bodi hurudisha gharama zake kwa nauli ya mzigo.

Gari dogo halina utengano huo. Probox au IST imeundwa bodi na kiunzi vikiwa kitu kimoja. Hata kwa Land Cruiser ya zamani, ambayo ina chesisi yake, mafundi wa mjini wanaoifanya ifanane na mpya hubadilisha taa, boneti, bampa na fenda, wakaishia hapo. Kazi hiyo napenda iitwe kubadili sura. Veneno inakaa katikati: kiunzi cha Aventador kinabaki, lakini ngozi yote ya nje inabadilishwa.

Sasa bei: je, inastahili kulipwa? Kwangu swali la kwanza ni hili: bodi mpya imelifanya gari liweze nini ambacho halikuweza? Anayekaa Lamadi, njia panda ya Bariadi, huyaona magari ya watalii yakielekea lango la Ndabaka la Serengeti. Mengi ni Land Cruiser zilizokatwa, zikaongezwa urefu na kuwekewa paa linaloinuka, kazi ambayo karakana za Arusha, ikiwemo Hanspaul, zimeifanya kwa miaka mingi. Gari la namna hiyo ni ghali kuliko lilivyotoka kiwandani, na ni haki yake, kwani sasa linabeba watalii zaidi, na wote wanaweza kusimama wakamtazama simba bila kushuka.

Hata huko Ulaya ziko bodi zilizofanya kazi. Ugo Zagato, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha ndege, alianzisha karakana yake Milan mwaka 1919 akapeleka kwenye magari ujuzi wa bati jepesi la alumini. Enzi hizo tajiri alinunua chesisi yenye injini, kisha akaenda kwa fundi kujengewa bodi, sawa na mwenye Fuso leo. Mwaka 1960 Zagato iliivika Aston Martin DB4 GT bodi nyepesi zaidi kwa ajili ya mashindano. Zilikusudiwa 25 zikaundwa 19, maana wanunuzi hawakutosha. Desemba 2015 moja kati ya hizo iliuzwa New York kwa dola milioni 14.3. Bei hiyo naielewa: gari lilishindana, bodi ilipunguza uzito, na uchache wake haukupangwa na mtu wa mauzo.

Linganisha na Bugatti Divo ya mwaka 2018. Ziliundwa 40, kila moja euro milioni 5 kabla ya kodi, wakati Chiron iliyozaa Divo ilianza kuuzwa kwa euro milioni 2.4. Nguvu ya injini ni ileile, farasi 1,500. Divo ni nyepesi kwa kilo 35 na inashika barabara vizuri zaidi kwenye kona, lakini kasi yake ya juu ni kilomita 380 kwa saa, pungufu ya 420 za Chiron. Wahandisi walifanya kazi halisi na ninaiheshimu. Haifikii euro milioni 2.6.

Sehemu kubwa ya fedha hiyo hulipia neno la pili ambalo Kiswahili kinalihitaji. Tumezoea kutafsiri "toleo maalumu", lakini kinachouzwa ni ahadi kwamba gari jingine la aina hiyo halitaundwa. Basi tuseme toleo la idadi iliyofungwa. Jina hilo linambana mtengenezaji. Zile Aston Martin 19 za Zagato hazikubaki 19: mwaka 1991 zilikamilishwa nyingine nne kwa idhini ya kampuni, na mwaka 2018 kampuni yenyewe ikatangaza 19 zaidi, kila moja ikiuzwa pamoja na DBS GT Zagato mpya kwa pauni milioni 6 kabla ya kodi. Idadi ilifunguliwa. Bei za zile za kwanza zimebaki juu kwa sababu zina historia ya viwanja vya mashindano. Gari la kisasa lililokaa ghalani na kilomita 325 halina historia ya kuliokoa siku mtengenezaji atakapobadili nia.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana kwa mengi ya magari haya. Mnada wa Geneva ulionyesha kwamba mnunuzi anaweza kupatikana kwa bei maradufu, lakini bei ya mnada haithibitishi thamani ya kitu. Thamani ya bodi iliyovikwa upya naipima kwa uzito uliopungua, mzigo ulioongezeka, abiria waliokaa vizuri au ushindi kwenye mashindano. Kinachozidi hapo ni bei ya uchache, na uchache huo uko mikononi mwa aliyeutengeneza.

Nawaomba wahariri wa kurasa za magari waanze kuandika hivyo: gari lililovikwa bodi upya, toleo la idadi iliyofungwa, na jina la gari lililo chini ya bodi litajwe katika sentensi ya kwanza.