Walter Tull: ofisa aliyeshika amri kinyume cha kanuni

Tarehe 25 Machi 1918, karibu na kijiji cha Favreuil kaskazini mwa Ufaransa, askari wa Uingereza walikuwa wakirudi nyuma huku Wajerumani wakiwaandama. Risasi ikampata luteni usu wao. Askari wake walijaribu kumtoa pale, na mmoja wao, Tom Billingham, aliyekuwa golikipa wa Leicester Fosse kabla ya vita, alihangaika naye hadi adui alipokaribia mno, akalazimika kumwacha. Mwili haukupatikana tena. Marehemu alikuwa na miaka 29, jina lake Walter Tull. Alikuwa mtu mweusi, na kwa kanuni za jeshi alilolifia hakutakiwa hata kidogo kuwaamrisha Wazungu wale waliohatarisha roho zao kwa ajili yake.

Kitabu cha sheria za kijeshi cha Uingereza cha mwaka 1914 kiliruhusu mtu mweusi kuandikishwa jeshini, ila kilimnyima mamlaka ya kuamrisha. Mwongozo wa kuomba kamisheni, yaani cheo cha ofisa, nao ulimtaka mwombaji awe wa asili ya Ulaya tupu. Kanuni hizo zilifika mpaka huku kwetu. Mwaka huohuo wa 1918, maelfu ya askari wa King's African Rifles walikuwa wakimsaka jenerali wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck katika mapori ya Msumbiji, wakitembea, wakiugua na kufa chini ya maofisa Wazungu. Hapakuwa na Mwafrika hata mmoja kati yao mwenye kamisheni. Walisubiri hadi uhuru ulipokuwa mlangoni.

Tull alizaliwa Folkestone, pwani ya Kent, tarehe 28 Aprili 1888. Baba yake, Daniel, alikuwa seremala kutoka Barbados, kizazi cha watu waliotumikishwa utumwani. Mama yake, Alice, alikuwa Mwingereza wa Kent. Mama alifariki mwaka 1895, na baba akamfuata miaka miwili baadaye. Mama wa kambo akabaki na watoto asioweza kuwalisha wote, hivyo Walter na kaka yake Edward wakapelekwa katika kituo cha yatima cha Wamethodisti huko Bethnal Green, London. Baadaye Edward alichukuliwa na familia moja ya Scotland, akasoma na kuwa daktari wa meno. Walter alibaki, akajifunza kazi ya uchapaji na kucheza mpira.

Mpira ndio uliomtoa. Mwaka 1909 alitwaa vikombe na klabu ya ridhaa ya Clapton, na mwaka huohuo Tottenham Hotspur wakamsajili na kumpeleka katika ziara ya Argentina na Uruguay. Alianza ligi daraja la kwanza vizuri. Kisha Oktoba, uwanjani kwa Bristol City, sehemu ya mashabiki ilimporomoshea matusi ya rangi yake, mazito kiasi kwamba mwandishi wa gazeti moja la michezo aliyekuwepo aliyalaani waziwazi na kumsifu Tull kwa utulivu wake. Haukupita muda mrefu akashushwa timu ya akiba. Mwaka 1911 alihamia Northampton Town chini ya kocha Herbert Chapman, na huko alithaminiwa: alicheza zaidi ya mechi 100.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka aliacha mpira na kujiunga, Desemba 1914, na batalioni ya 17 ya rejimenti ya Middlesex, maarufu kama batalioni ya wanasoka. Alipanda hadi usajini. Mwaka 1916 mizinga ilimvuruga akili akalazwa hospitali, kisha akarudi mstari wa mbele kwenye mauaji ya Somme, ambako maofisa vijana walikufa kwa wingi wa kutisha. Hapo ndipo ninapoona jibu la swali la jinsi alivyopata kamisheni kinyume cha kanuni. Jeshi lilikuwa na upungufu, wakubwa wake walimjua kazini, wakampendekeza. Tarehe 30 Mei 1917 akawa luteni usu. Wapo wanaomwita ofisa mweusi wa kwanza wa jeshi hilo, lakini George Bemand, mzaliwa wa Jamaica, alimtangulia na aliuawa Ufaransa Desemba 1916.

Tull alipelekwa Italia na batalioni ya 23 ya Middlesex. Siku ya mwaka mpya wa 1918 aliwaongoza askari 26 usiku kuvuka mto Piave, wenye maji ya baridi kali na mkondo mkali, wakaingia upande wa adui na kurudi wote salama. Meja Jenerali Sydney Lawford alimsifu kwa maandishi kwa ujasiri na utulivu wake. Miezi mitatu haikuisha akawa amekufa.

Kamanda wake alimwandikia Edward kwamba batalioni nzima ilimpenda ndugu yake, na kwamba alikuwa amependekezwa kupewa nishani ya Military Cross. Nishani hiyo haikutolewa. Jina lake limechongwa kwenye mnara wa Arras pamoja na maelfu ya wengine wasio na kaburi, na Northampton wamemjengea kumbukumbu kando ya uwanja wao. Mwaka 2018 wabunge zaidi ya 100 waliiomba serikali ya Uingereza impe nishani yake, bila mafanikio, kwa sababu utaratibu hauruhusu kutunuku upya matendo ya zamani hizo. Sioni uzito wa hoja hiyo. Jeshi la serikali hiyohiyo liliweka kanuni zake kando Mei 1917, lilipomhitaji Tull awaongoze watu vitani.