Kumpakata Mtoto Garini

Msikilizaji, mama akiingia garini na mtoto mchanga humpakata. Mtoto amezoea mikono hiyo tangu azaliwe, na atakayesema kwamba ndani ya gari haitoshi ataonekana hana adabu. Hata wabunge wa jimbo moja la Marekani waliogopa kulisema, na kisa chao ndicho mazungumzo yetu ya juma hili.

Viti vya watoto vya miaka ya 1930 havikuwa vya usalama. Vilimwinua tu mtoto ili mzazi amwone naye aone nje. Kazi ya kumlinda ilianza miaka ya 1960. Huko Sweden, Profesa Bertil Aldman alivutiwa na viti vya wanaanga wa Gemini, waliolala chali chombo kikiruka ili mgongo mzima upokee kishindo. Akabuni kiti cha kumwelekeza mtoto nyuma ya gari, na mwaka 1964 kampuni ya Volvo ikakijaribu. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito na shingo yake ni laini. Gari likigonga mbele, kiti hicho hudaka kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja.

Lakini kiti kilichobaki dukani hakimwokoi mtu. Katika Jimbo la Tennessee, Dk. Robert Sanders, daktari wa watoto na mkuu wa afya wa Wilaya ya Rutherford, alidai sheria. Wapinzani walisema serikali inaingilia mambo ya wazazi. Mara ya kwanza mswada ulikwama. Mwaka 1977 ukapita, na tarehe 1 Januari 1978 ikaanza kazi sheria ya kwanza ya aina hiyo Marekani.

Ila wabunge walikuwa wamechomeka kifungu: mtoto mchanga aweza kupakatwa na mtu mzima. Waliotetea sheria walikiita kifungu hicho kiponda watoto. Jina kali, lakini hesabu inawaunga mkono. Gari la mwendo wa kilometa 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 10 huvuta mikono kama mzigo wa kilo 200 hivi. Nani kati yetu ataushika? Na aliyempakata, kama hakufunga mkanda, humwangukia mtoto na kumbana kwenye dashibodi.

Kifungu kilifutwa mwaka 1981. Kufikia 1985 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria yake.

Likaja jingine. Miaka ya 1990 mifuko ya hewa ilienea magarini, na ilipofumuka ikapiga viti vya watoto wachanga vilivyofungwa mbele vikitazama nyuma. Watoto wakafa katika ajali ambazo watu wazima walitoka wazima. Tangu hapo agizo ni kukifunga kiti hicho nyuma, kisikae kamwe mbele ya mfuko wa hewa usiozimwa.