Mtangazaji wa Utoto Wako ni Nani?

Watu wa Juba wenye umri wangu hawafanani kwa kumbukumbu. Ukimuuliza mtu nani alikuwa mtangazaji wa watoto alipokuwa mdogo, jibu lake litakuambia familia yake ilikimbilia wapi wakati wa vita. Jirani yangu hapa Hai Malakal alikulia Khartoum, basi yeye ni televisheni ya Omdurman, mama aliyevaa tobe na watoto waliopangwa mistari wakiimba Kiarabu.

Mimi ni fundi cherehani, nimetoka Tanzania. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na walituringia kweli. Sisi tulikuwa na Deborah Mwenda wa Mama na Mwana, Redio Tanzania Dar es Salaam. Redio yetu ilikuwa National. Betri zikichoka, mama alizianika juu ya bati tangu asubuhi zipate nguvu ya hadithi moja. Baba akiziwahi kwa taarifa ya habari, ni kilio.

Anayenishangaza zaidi ni kijana anayeuza laini za simu hapo getini. Alianza shule kijijini, Equatoria, baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005 uliomaliza vita hivyo. Walimu walikuwa haba, na wengine wao shule hawakufika nayo mbali. Mtangazaji wake alikuja na kipindi cha Learning Village, kilichotengenezwa na shirika la EDC kwa fedha za Marekani: nusu saa ya masomo, darasa la kwanza hadi la nne. Redio yenyewe ilikuwa ya kuzungusha mpini au kuwekwa juani. Mwalimu aliiweka mezani, wanafunzi wakaikodolea macho kama mgeni wa heshima. Sauti inauliza swali, inanyamaza kidogo, darasa zima linapaza jibu, kisha sauti inawapongeza. Inawapongeza hata wakikosea! Wakagundua, wakaanza kujibu upuuzi makusudi, na bado wakasifiwa. Mpaka leo akiisimulia anacheka hadi anashika mbavu.

Televisheni hapa mjini ilikuwa ya mwenye jenereta. Mtambo wa umeme wa megawati 33 ulizinduliwa Novemba 2019, na bado kuna nyua nyingi zisizo na umeme.

Siku hizi binti yangu anamwangalia Akili kwenye simu, yule msichana wa katuni wa miaka minne ambaye akilala huenda Lala Land kucheza na wanyama. Ni kazi ya Ubongo, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013. Mtoto wa jirani, anayeongea Kibari ndani na Kiarabu cha Juba nje, sasa anahesabu kumi kwa Kiswahili, na mama yake ananitania kwamba namwibia mtoto.

Kipindi ni kizuri, sikatai. Ila katuni haina mafua, haizeeki, huwezi kukutana nayo sokoni Konyo Konyo ukaikimbilia. Laiti Juba ingepata mtu wake, anayeongea Kiarabu cha hapa hapa.

Nilimwambia yule kijana wa laini kwamba sauti anayo, aanze na watoto wa ua huu, Jumamosi. Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Sasa mama, bando analipa nani?"